Mume na Mke Katika Safari ya Maili 6,000
Huko Marekani, mume na mke waweza kusafiri kwa mashua ya injini maili zipatazo 6,000, wakapita pwani, mito, mifereji na maziwa, kisha wakarudi walikoanzia. Njiani huweza kupita Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825, wenye vyumba vya maji mfano wa ngazi. Mashua ikiingia chumbani milango hufungwa, na maji huongezwa au kupunguzwa mpaka ilingane na maji ya mbele. Mmoja hushika usukani, mwenzake kamba. Maji yakishuka, kamba hulegezwa kidogo kidogo. Ikikazwa, mashua huning'inia na huweza kupinduka. Kwa hiyo wawili hao hupatana kwanza, kwani chombo hakiendi ikiwa kila mtu anapiga kasia lake.