Hakuchaguliwa Awamu ya Kwanza: Binti Afanye Nini?

Baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja alibaki msikitini hadi jamaa walipotoka, kisha akanijia. Binti yake amemaliza kidato cha sita, ameomba shahada ya sheria, na jina lake halikutoka. "Katibu," akasema, "kuna kijana mjini anadai laki tano alipenyeze jina. Niuze ng'ombe?"

Nilimwambia asiuze. Fedha ile ama ni rushwa, ambayo ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji, ama ni utapeli mtupu.

Katika vyuo vya sheria vya Marekani, mwombaji huweza kuwekwa kwenye orodha ya akiba akasubiri kuitwa. Kwetu kusubiri huenda kwa awamu. Waliochaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu wanayotumiwa, na nafasi wanazoziacha huwaniwa na wengine. Nanyi vijana mlioshika vyuo vitatu huku mkijishauri hadi siku ya mwisho, tambueni kuwa mmekalia haki ya wenzenu.

Binti naye asikae akingoja simu. Maombi ya awamu ya pili hayajitumi yenyewe. Atazame matangazo ya vyuo, ajue ni wapi sheria bado ina nafasi, wala asirudie kuomba palipojaa. Kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi 4 humpa ruhusa ya kuomba tu. Wenye pointi nyingi humtangulia. Kipo pia Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kinachofundisha sheria pamoja na sharia, ila mzazi aulize ada mapema.

Na ikiwa awamu zote zitapita? Hapa nilimkumbusha mzee jirani yetu, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Wageni hupanda kona za Mombo na Soni kuja kukisomea, sisi wenyeji tukipita karibu yake na matenga ya kabichi. Hutoa astashahada na stashahada ya sheria, na mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 au zaidi huweza kuomba shahada. Mzee alikunja uso: hiyo si ya walioshindwa? Sikukubaliana naye. Njia ni ndefu zaidi, lakini huishia kwenye shahada ile ile, na baada yake Shule ya Sheria kwa atakaye uwakili. Tena binti atalala kwao.

Ndipo likatoka la moyoni: imeletwa posa. Nikamuuliza, binti mwenyewe asemaje? Hakuwa amemuuliza. Ndoa ni kheri, nami siipingi, lakini haifai kuwa adhabu ya kukosa chuo, wala haifungwi bila ridhaa yake. Istikhara aiswali yeye mwenyewe, kwa kuwa maisha ni yake.

Mwisho nikaomba kuona namba ya simu iliyojazwa kwenye maombi. Ilikuwa ya mwenye stesheneri, na nywila anayo yeye! Hata angechaguliwa, ujumbe ungefika kwa mtu mwingine, na muda wa kuthibitisha ungepita wao wakiwa hawana habari.

Kesho yake asubuhi niliwaona mlangoni pa stesheneri, baba na binti. Binti ndiye aliyeshika karatasi.