GARI LA FAHARI LILILOTUMIKA: TAZAMA NYAYA KABLA YA RANGI

Mwezi wa Oktoba unapowadia, wakulima wa chai wa Kisii na Nyamira hutazamia malipo yao ya pili, yale yaitwayo bonasi, kutoka viwanda kama Kebirigo, Sanganyi, Nyamache na Ogembo. Wengine hulipa karo za watoto, wengine huezeka nyumba. Wako pia wanaochanga shilingi zao pamoja na za ndugu zao wafanyao kazi mijini, wakanunua gari. Na mara nyingi jicho huangukia gari la fahari, Mercedes-Benz, BMW au Lexus, ambalo limekwisha tumika, lakini lang'aa kama kioo na bei yake haizidi ya gari dogo.

Kutamani gari zuri si kosa. Lakini ipo hatari ya kweli: fedha za jasho la mwaka mzima zaweza kulala uani chini ya turubai, kwa sababu ya waya mmoja ulioshika kutu ambao hakuna aliyeutafuta.

KWA NINI BEI NI NDOGO?

Gari la fahari hushuka thamani upesi, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nalo. Taa yake moja ya mbele yaweza kumgharimu mwenyewe kuliko matairi manne ya gari dogo. Tena, kwa kawaida sheria ya viwango ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza ng'ambo. Basi gari la miaka 15 liuzwalo Kisii mjini au Keroka, aghalabu limekaa nchini miaka mingi, na limepita katika mikono ya wenyewe na mafundi wengi.

Jambo la pili ni umeme. Gari la namna hii lina kompyuta ndogo nyingi: moja ya injini, moja ya gia, moja ya breki, nyingine za milango na viti. Hizo hupashana habari kwa nyaya nyembamba. Umeme ukipungua, kompyuta huchanganyikiwa, nazo huwasha taa za onyo hata pale pasipo na kasoro. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa anunue kompyuta mpya, kumbe ugonjwa ni betri tu.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, chunguza hati. Kwa njia ya eCitizen, mtu aweza kuomba kwa NTSA, yaani mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, habari za gari lolote: mwenyewe ni nani, na kama benki au mkopeshaji ana haki juu yake. Kupewa logibuku mkononi hakutoshi. Sharti umiliki uhamishwe kwa jina lako.

Pili, lione gari asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za onyo zapaswa kuwaka, kisha zizimike injini ikianza kunguruma. Taa ya injini au ya mifuko ya hewa isiyowaka kabisa ni ya kutiliwa shaka, kwa maana huenda imetolewa makusudi ili kuficha ugonjwa.

Tatu, nenda na fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu. Magari ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu mwaka 2001 yana plagi ya kifaa hicho. Kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa siku hiyo hiyo, muulize muuzaji sababu yake.

Nne, jaribu kila kitu kwa mkono wako: vioo, vitasa, viti, honi, vifuta mvua na taa zote. Usione haya. Muuzaji mwema hatachukia.

ADUI NI MAJI

Nchi ya Kisii na Nyamira hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na maji ndiyo adui mkubwa wa nyaya. Magari mengi ya fahari yana dirisha katika paa. Dirisha hilo lina mirija myembamba ya kutolea maji ya mvua. Gari likilazwa chini ya mikaratusi, majani na vumbi huiziba mirija, na maji hushuka ndani, yakafikia nyaya zilizo chini ya zulia.

Kwa hiyo inua zulia na ulibonyeze kwa mkono. Likiwa na unyevu au harufu ya ukungu, fikiri mara mbili. Kama gari ni lako tayari, mimina kikombe cha maji polepole katika pembe ya dirisha la paa, utazame kama yanatokea chini ya gari. Yakisimama, zibua mrija kwa uzi laini wa plastiki. Usitumie upepo wa kompresa, kwa kuwa waweza kuuchomoa mrija mahali pake.

Yuko na adui mdogo, naye ni panya. Gari lilazwalo karibu na ghala la mahindi hutafunwa nyaya. Fungua boneti mara kwa mara, utazame kama kuna kiota.

KASORO NDOGO NA DAWA YAKE

Anza daima na kilicho rahisi. Nunua mita ndogo ya kupimia umeme. Betri nzima iliyopumzika usiku huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma, katika magari mengi mita husoma baina ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, huenda altaneta haichaji.

Ukiona unga mweupe au wa kijani katika vichwa vya betri, zima gari, ufungue kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi na kwa brashi, ukausha vizuri. Wakati wa kurudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Fuata pia waya huo mpaka pale unapofungwa katika bodi ya gari; ukiwa na kutu, piga msasa na ukaze. Taa nyingi zinazofifia pamoja hupona kwa kazi hii isiyo na gharama.

Kifaa kimoja kikikataa kufanya kazi, tazama fyuzi yake. Kwa kawaida nyekundu ni ya ampea 10, ya buluu 15, ya manjano 20, na ya kijani 30. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile. Kamwe usitie msumari, waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi imewekwa ife yenyewe ili gari lisiungue. Anayeizuia kufa amejiwashia moto chini ya miguu ya watoto wake. Nayo ikiungua tena na tena, mahali fulani nyaya zimegusana, na hapo mwite fundi.

Baadhi ya magari ya Mercedes-Benz ya miaka ya kwanza ya 1990 yana ugonjwa wao: ngozi ya nyaya za injini hukauka na kupukutika. Hizo hazizibwi kwa gundi, hubadilishwa.

USIVYOPASWA KUGUSA

Nyaya za rangi ya chungwa katika magari yatumiayo petroli na umeme pamoja zaweza kubeba zaidi ya volti 200, nazo huua. Nyaya na plagi za manjano mara nyingi ni za mifuko ya hewa, ambayo yaweza kulipuka usoni. Mwachie fundi aliyefunzwa kazi hiyo.

Mwisho, twamshauri mnunuzi asitumie fedha zake zote siku ya kununua. Na aweke sehemu ya kulitengeneza gari katika mwaka wa kwanza. Kama hana sehemu hiyo, gari dogo lamfaa zaidi, kwani hilo litampeleka mgonjwa hospitali usiku wa mvua bila taa kuzimika njiani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa gari la fahari huanza katika waya usioonekana.