Kukua kwa Mhusika si Kuongezeka kwa Umri: Mtazamo kuhusu Riwaya za Makuzi

Riwaya ya makuzi humfuata mhusika mkuu tangu utotoni au ujanani hadi anapojitambua. Aghalabu tunapoifundisha katika shule za upili, tunaishia kwenye funzo moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Makala haya yanadai kwamba funzo hilo haliwatendei haki wahusika wala wanafunzi wetu.

Tuanze na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Zakaria, baba mlevi, anampiga Rosa vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anapokwenda shuleni, mbali na macho ya baba, anakutana na uhuru ambao hakuandaliwa kuutumia. Hatimaye anajiua. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Bwana Maksuudi anamtawisha bintiye Maimuna ndani ya nyumba, ilhali yeye mwenyewe ni mzinzi. Maimuna anatoroka na kutumbukia katika ukahaba na ulevi. Hata hivyo, mwishowe anaolewa na Kabi, naye baba anatubu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwamba kosa la Maimuna ni ukaidi. Nilimpa alama zote. Tulipokuwa tukisahihisha darasani, msichana mmoja ambaye ni nadra kuinua mkono aliuliza, "Mwalimu, kwani Maksuudi alimfunza lini kuishi nje?" Sikuwa na jibu, na zile alama zikaanza kunisuta.

Chanzo cha maanguko katika riwaya hizi mbili ni kimoja: malezi yanayofunga mlango bila kufungua macho. Tofauti ni kwamba Maimuna anapata muda wa kuyaelewa yaliyomsibu, Rosa hapati. Makuzi ya Rosa yanakatizwa, na hapo ndipo penye uchungu wa riwaya yenyewe. Kumtumia Rosa kama onyo kwa wasichana tu ni kumwachilia Zakaria huru.

Siku Njema (1996) ya Ken Walibora inatupa njia nyingine ya kuyapima makuzi. Kongowea, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari kuja Kenya kumtafuta baba yake. Anajisimulia katika nafsi ya kwanza, akiyatazama yaliyopita. Kwa hivyo tuna Kongowea wawili: kijana anayetenda bila kujua, na msimulizi ambaye sasa anajua. Makuzi yamo katika pengo lililo baina yao. Rosa na Maimuna hawana fursa hiyo. Wanasimuliwa na mwingine, na ni juu ya msomaji kulitafuta pengo hilo.

Kabla ya kuuliza riwaya inafunza nini, basi, tuwaulize wanafunzi maswali matatu. Mhusika anajua nini mwishoni ambacho hakukijua mwanzoni? Nani alipaswa kumfunza mapema? Nani anayesimulia? Wengi wanaoyajibu wako katika umri wa Rosa. Wanastahili riwaya inayowafikirisha, si inayowatisha tu.