Redio Kileleni: Wanachofanya Wanaredio wa Ridhaa Kwenye Milima ya Ngong

Mkazi wa Kajiado anayepanda Milima ya Ngong huenda siku moja akamkuta mtu ameketi nyasini karibu na kilele, amesimamisha fimbo ndefu kama ya mvuvi, waya mwembamba umening'inia kutoka juu yake, naye anarudia herufi na nambari kwenye maikrofoni. Si ajabu mpita njia akashuku jambo. Yamkini huyo ni mwanaredio wa ridhaa, yaani mtu mwenye leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kuzungumza na wenzake, bila malipo wala biashara.

Kwa nini apande mlima ilhali ana simu mfukoni? Mawimbi ya redio ndogo za mkononi, hasa yale ya MHz 144 hadi 146, husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga. Majengo na vilima huyazuia. Mjini, redio ya wati 5 huishia kilomita chache tu. Ipeleke redio hiyo hiyo Lamwia, kilele cha juu zaidi cha Ngong chenye mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, nayo itakuwa takriban mita 800 juu ya katikati ya Nairobi. Kwa kimo hicho upeo wake hukaribia kilomita 100, na upande wa pili Bonde la Ufa liko wazi kuelekea Magadi. Nguvu ni ile ile ya balbu ndogo ya chumbani.

Masafa ya chini zaidi, kama MHz 14, hufanya kazi kwa njia nyingine. Mawimbi hayo hupanda hadi tabaka la juu la anga liitwalo ayonosfia, yakapindwa na kurudi ardhini mbali sana. Ndiyo maana mtu aliye Ngong anaweza kusikika Ulaya huku mwenzake aliye mji wa Kajiado hasikii kitu. Antena yake ni waya wa mita 10 hivi uliokatwa katikati, na betri inayobebeka kwa mkono hutosha kwa saa kadhaa.

Kuna wanaofanya haya kama mchezo. Mpango wa Summits on the Air, ulioanza Uingereza mwaka 2002, humpa mshiriki alama akiwasiliana na angalau vituo vinne kutoka kileleni. Vifaa vyote sharti avibebe mwenyewe hadi juu, na jenereta ya mafuta hairuhusiwi.

Lakini faida yake kwa wakazi huonekana siku mtandao wa simu unapokatika. Tsunami ya Desemba 2004 ilipopiga visiwa vya Andaman na Nicobar nchini India, wanaredio wa ridhaa waliokuwa Port Blair walisaidia kupitisha habari za manusura kwa jamaa zao. Aliyezoea kusimamisha kituo mlimani kwa dakika chache, kwa betri na waya, tayari ana ujuzi unaohitajika siku kama hiyo.

Hapa ndipo penye tahadhari. Redio za mkononi huuzwa mitandaoni kwa bei nafuu, na wengi hudhani kuinunua ni kuruhusiwa kuitumia. Sivyo. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998, kurusha mawimbi ya aina hii kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Baadhi ya redio hizo zinaweza kurusha kwenye masafa ya huduma nyingine, ikiwemo za usalama, na kuzivuruga. Mwenye leseni hupewa alama ya utambulisho, ambayo kwa kawaida huanza na 5Z4, naye hulazimika kuitaja akiwa hewani. Mgeni mwenye leseni ya kwao aulize Mamlaka kabla ya kusafiri na vifaa.

Kwa Ngong, njia hupitia msitu unaosimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa hiyo mwanaredio hupitia langoni kama mpandaji mwingine yeyote. Ni vyema awaeleze askari wa misitu mapema anachokwenda kufanya, aonyeshe leseni, na aombe kusindikizwa. Akifika juu, akae mbali na milingoti ya mawasiliano: mawimbi yake makali huziba masikio ya redio ndogo, na wengi hulaumu betri bure.

Msimu wa mvua ndio wa kuogopwa. Mtu aliyesimamisha fimbo na waya kwenye mgongo wa mlima ulio wazi anaialika radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama mazungumzo hayajaisha, waya unashushwa na safari ya kurudi inaanza.