Hela Imetoka Wapi?

Kila siku tunataja hela. "Sina hela." "Hela ya tumbaku imekuja." Je, neno hili limetoka wapi?

Huko Ujerumani kuna mji uitwao Schwäbisch Hall. Zamani watu wake walipika chumvi, kama walivyofanya wenzetu wa Uvinza. Miaka kama 800 iliyopita walikuwa na sarafu yao ndogo ya fedha, yenye alama ya mkono. Ikaitwa Heller, maana yake sarafu ya Hall.

Wazee wetu wa njia ya misafara hawakuijua. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora hongo ililipwa kwa nguo, shanga na waya.

Wajerumani walipotawala, rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 wakabadili hesabu. Rupia moja ikawa Heller 100. Sisi tukasema hela.

Hela haikuenea kwa sababu ilipendwa. Tangu mwaka 1898 serikali ile ilidai kodi ya nyumba. Mtu asiye na fedha alikwenda kuzitafuta: kwenye upagazi, kwenye mashamba ya wazungu, au kwenye reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912. Watu walitoka jasho kwanza, ndipo wakazoea jina.

Kisha ikaja vita. Manowari za Waingereza zilifunga bahari, na fedha kutoka Ujerumani hazikufika. Basi mwaka 1916 sarafu zilipigwa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Hela 5 na hela 20 zilikuwa za shaba. Maganda ya risasi nayo yaliyeyushwa! Ilipigwa pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini, na kazi ikaisha.

Baadaye Waingereza walileta shilingi. Heller ikafa, lakini neno hela likabaki mdomoni.

Wakulima wa Kipalapala na vijiji vya jirani, jembe likifukua sarafu kuukuu, itazameni vizuri. Ikiwa na mwaka 1916 na herufi T, ni ya Tabora. Msiisugue kwa mchanga wala majivu. Ikikwaruzwa, bei yake hushuka. Wako watu wanaokusanya sarafu za zamani, nao hulipa zaidi ya thamani ya shaba yake. Mwonyesheni mwalimu kwanza, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajaitia kwenye mizani.