Kidichi: Lugha ya mgeni ni pembejeo ya shamba la viungo

KIDICHI, kijiji kilichopo kilomita zipatazo 11 kaskazini mashariki ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kinajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mashamba yake ya viungo, na la pili ni hamamu ya Kiajemi iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sayyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayowaleta watalii kijijini hapo, asubuhi kwa asubuhi, wakiwa ndani ya magari ya kampuni za utalii.

Hata hivyo, mgeni anapofika huwa ameshalipa mjini au hotelini. Mwenye kuzungumza naye ni mtembezaji. Kijana wa kijijini hupanda mnazi, mwingine husuka kofia ya makuti, na mwenye shamba husimama pembeni. Kinachomfikia ni fungu lake la kiingilio, bakhshishi na mauzo ya pakiti za viungo. Katika hayo matatu, mauzo ya pakiti ndiyo anayoweza kuyaongeza kwa juhudi yake mwenyewe, na hapo ndipo suala la lugha linapoingia.

Idadi ya wageni inaongezeka. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni takriban 538,000. Mwaka 2023 walikuwa takriban 638,000, na mwaka 2024 walipita 730,000. Wengi wao wanatoka Italia, Ufaransa, Ujerumani, Poland na nchi nyingine ambako Kiingereza ni lugha ya kujifunza skuli tu, kama ilivyo kwa mkulima wa Kidichi. Mnunuzi na muuzaji wote wawili wanapobabaisha lugha ya tatu, biashara huishia kwenye tabasamu.

Hesabu ya pakiti

Kilo moja ya mdalasini mkavu hutoa pakiti 20 za gramu 50. Mkulima anayemuuzia mfanyabiashara kilo nzima hupata bei moja, na kazi imekwisha. Anayeuza pakiti shambani hupata bei 20 ndogo, ambazo jumla yake kwa kawaida huipita ile ya kilo. Lakini asisahau kutoa gharama: mifuko, lebo, ushuru, fungu la aliyemleta mgeni, na pakiti zitakazobaki hadi zipoteze harufu.

Fungu la aliyemleta mgeni ndilo linalopanda pale mkulima asipoweza kujieleza. Mtembezaji akiwa ndiye mkalimani, ndiye pia mpanga bei. Hilo si kosa lake, kwani amesoma, ana leseni ya Kamisheni ya Utalii na anauza ujuzi wake. Mkulima mwenye maneno 100 ya Kitaliana hamfukuzi mtembezaji, ila anapata nguvu ya kujadiliana naye.

Ikumbukwe kwamba karafuu ina utaratibu wake, kwa kuwa mnunuzi wake ni Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC). Anayetaka kuifungasha kwa ajili ya watalii aulize kwanza masharti yake.

Msumari wa karafuu

Habari njema ni kwamba mkulima hahitaji kuanza na sarufi. Aanze na bidhaa zake. Karafuu kwa Kitaliana ni “chiodi di garofano”, kwa Kifaransa “clou de girofle”, kwa Kihispania “clavo”, kwa Kipolandi “goździk” na kwa Kirusi “gvozdika”. Majina yote hayo yamejengwa juu ya neno msumari. Hata “Nelke” ya Kijerumani asili yake ni msumari mdogo. Sababu inaonekana kwa macho, maana karafuu kavu ina kichwa na mguu kama msumari. Mkulima akiweka karafuu na msumari kiganjani, Mfaransa na Mpolandi wataelewa kabla hajasema lolote.

Mdalasini nao ni “cannella” kwa Wataliana na “cannelle” kwa Wafaransa, maana yake kijibomba au kitete, kwa sababu gome likikauka hujikunja. Kungumanga ni “noce moscata” na “noix de muscade”. Maneno 15 ya viungo, namba hadi 100, salamu, shukrani na maneno ya bei humtosha mkulima kwa msimu wa kwanza.

Kiungo kinakwenda jikoni gani?

Jina la kiungo peke yake haliuzi pakiti. Mgeni hununua anapoona atakitumia kwake. Hapo mkulima anahitaji kujua kidogo utamaduni wa jikoni la mnunuzi.

Mtaliana hutia kungumanga katika mchuzi mweupe wa maziwa unaowekwa kwenye lasagna. Mjerumani hutumia mdalasini na karafuu katika mikate mitamu ya Krismasi. Mpolandi ana mkate wake wa viungo uitwao “piernik”, jina lililotokana na pilipili. Watu wa Sweden hutia iliki katika maandazi yao, jambo ambalo Mzanzibari analielewa vizuri. Mfaransa ana mchanganyiko uitwao “quatre-épices”, yaani viungo vinne: pilipili manga, kungumanga, karafuu na tangawizi. Vyote hivyo vinapatikana Unguja, na mchanganyiko huo katika pakiti moja ni bidhaa ambayo Mfaransa hahitaji kuelezwa matumizi yake.

Vanila nayo ina hadithi inayouza. Ua lake huchavushwa kwa mkono, kwa njia iliyobuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Tunda hukaa mtini miezi ipatayo tisa. Mgeni akielezwa hayo kwa lugha yake, hashangai bei.

Makosa yenye gharama

Yapo maneno ya kuchunga. Neno la Kiingereza “gift”, ambalo kwa Mwingereza ni zawadi, kwa Kijerumani maana yake ni sumu. Boksi la viungo lenye neno hilo kwa herufi kubwa halimvutii Mjerumani. Vilevile “caldo” kwa Kitaliana ni moto, ingawa sikioni lafanana na neno la Kiingereza la baridi. Anayemkaribisha Mtaliana chai ya mchaichai aliweke akilini.

Aidha, heshima ina namna zake. Wafaransa, Wajerumani na Wataliana wana “wewe” ya rafiki na “wewe” ya heshima, na Wapolandi husema “Pan” kwa bwana na “Pani” kwa bibi. Mzanzibari aliyelelewa kwa shikamoo hapati tabu kuelewa kwamba mtu mzima haitwi ovyo. Kuhusu bei, wageni wengi wamezoea maduka yenye bei iliyoandikwa. Kibandiko cha bei hupunguza shaka, na mwenye kupenda kupatana bado ataomba apunguziwe.

Mkulima ajue pia sheria za mgeni anakorudi. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, Umoja wa Ulaya unamtaka msafiri awe na cheti cha afya ya mimea kwa matunda mabichi, miche na mbegu za kupanda, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Kumuuzia mgeni miche au machungwa ya kusafiri nayo ni kumpeleka akanyang'anywe uwanjani. Viungo vilivyokauka vizuri vya kupikia ndivyo vinavyofaa begi lake.

Usitegemee lugha moja

Kwa miaka mingi Kitaliana ndicho kilichotawala pwani ya Unguja. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulisimamisha safari, na watalii waliporudi walikuja kwa wingi kutoka Urusi, Ukraine na Poland. Waliokuwa na maneno ya Kirusi wakavuna. Februari 2022 vita vikaanza Ukraine, na mamia ya wageni wa nchi hiyo wakakwama Zanzibar wasijue watarudi vipi. Soko hilo likayumba ndani ya wiki chache.

Hilo ni somo ambalo mkulima analijua tangu zamani kupitia karafuu, kwamba anayetegemea zao moja huanguka nalo. Kaya yenye vijana watatu ingegawana: mmoja Kitaliana, mmoja Kifaransa au Kijerumani, mmoja Kipolandi, na wote wawe na Kiingereza cha msingi.

Wakati mzuri wa kujifunza ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo njia zina matope na wageni ni wachache. Wataliana hujaa Agosti, mwezi wa sikukuu yao ya tarehe 15, na tena wakati wa Krismasi. Kwa mafunzo rasmi kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ambacho kimeunganishwa na iliyokuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni pamoja na chuo cha utalii cha Maruhubi. Wasiomudu ada wanaweza kuungana watu kumi wa shehia moja na kumlipa mwalimu mmoja, au kumwomba mtembezaji mzoefu awafundishe jioni.

Mji unapanuka, na mashamba ya upande wa Bububu na Kidichi yanakatwa viwanja. Shamba la viungo litabaki shamba iwapo tu litamlipa mwenyewe zaidi ya atakavyolipwa kwa kuliuza mara moja. Kila pakiti ambayo mkulima ataiuza kwa mdomo wake mwenyewe inaongeza uzito upande wa shamba. Maneno 15 ya kuanzia yanaweza kuandikwa leo usiku kwenye daftari la mtoto wa skuli.