Vinara wa Hifadhidata Katika Kompyuta za Kwanza za Nyumbani

Kompyuta zilipoanza kuingia sebuleni mwa watu Uingereza na Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wauzaji walikuwa na ahadi moja wasiyochoka kuirudia: mashine hii itakutunzia kumbukumbu zako. Namba za simu za jamaa, santuri, stempu, wanachama wa klabu, mapishi ya mama. Watoto walizitaka kwa ajili ya michezo, lakini hifadhidata ilimpa mzazi sababu ya heshima ya kutoa fedha. Programu zenyewe zilikuwa rahisi. Kila habari ilikaa kwenye kadi, kila kadi ilikuwa na vipengele vichache, nawe uliweza kuongeza, kutafuta, kupanga na kuchapa. Nazipenda kwa sababu zilimlazimisha mtu wa kawaida aamue mapema ni kipi kinastahili kukumbukwa, na kwa herufi ngapi. Hawa ndio vinara wake, kwa uamuzi wangu.

Finyu kuliko zote

Sinclair ZX81 ilitoka Uingereza mwaka 1981 kwa pauni 69.95, au pauni 49.95 kwa aliyekuwa tayari kuiunganisha mwenyewe. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1, yaani nafasi ya herufi 1,024. SMS saba zilizojaa zisingeenea humo. Tena katika nafasi hiyo hiyo ilibidi zikae programu, data, picha ya kwenye skrini na mahesabu ya ndani ya mashine.

Ufinyu huo ulizaa ustadi ambao sijauona tena. Katika ZX81, kila namba iliyoandikwa ndani ya programu ilikula baiti sita zaidi ya tarakimu zake, kwa kuwa mashine iliihifadhi mara mbili: kama ilivyoandikwa, na kama itakavyokokotolewa. Sifuri peke yake ilichukua baiti 7. Kwa hiyo waandishi wa programu waliacha kuandika sifuri, wakaandika NOT PI. PI si sifuri, basi kikanusho chake kwa mashine ni sifuri, na maneno yote mawili yalichukua baiti 2 tu. Baiti 5 zilizookolewa zilitosha kuongeza jina fupi la mtu kwenye orodha. Walioandika hifadhidata kwa namna hiyo wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Aliyetaka nafasi zaidi alinunua kiongezeo cha kilobaiti 16 kilichochomekwa nyuma. Kilicheza-cheza, na mtikiso mdogo wa meza ulitosha kuizimisha mashine na kupoteza kazi yote ambayo haijahifadhiwa.

Amri hatari kuliko zote

Hapa sina wasiwasi na mshindi: ni RUN. ZX81 haikuwa na faili za data zilizojitenga. Orodha yako ilihifadhiwa kwenye kaseti pamoja na programu yenyewe, kama kitu kimoja. Ukishaipakia, jambo la kawaida lilikuwa kuandika RUN ili programu ianze. Lakini RUN, kabla ya kuanzisha chochote, hufuta data yote iliyomo kwenye kumbukumbu. Ilibidi uandike GOTO na namba ya mstari wa kuanzia. RUN ilikaa kwenye kitufe cha R, GOTO kwenye kitufe cha G, na kila moja ilitokea nzima kwa kubonyeza mara moja. Orodha ya wanachama iliyoandikwa wiki nzima ilitenganishwa na maangamizi kwa kidole kimoja.

Ya polepole kuliko zote

Ilipopakia data kutoka kwenye kaseti, ZX81 ilisoma herufi zisizofika 40 kwa sekunde, hivyo kilobaiti 16 zilichukua zaidi ya dakika 6. Mtu alikaa karibu na redio kaseti akisikiliza mlio, na sauti ikiwa juu mno au chini mno, alianza upya. ZX Spectrum ya mwaka 1982 iliongeza kasi hiyo mara kadhaa.

Lakini kupanga majina kwa alfabeti ndiko kulikopima subira kweli kweli. Njia rahisi iliyofundishwa katika vitabu vya wakati ule ililinganisha majina mawili yaliyopakana na kuyabadilisha nafasi inapobidi, ikirudia mpaka orodha itulie. Kwa majina 200, ulinganisho unaweza kufika mara 19,900. Ubongo wa ZX81 ndio uliochora pia picha ya skrini, na kazi hiyo ilimeza sehemu kubwa ya muda wake. Kwa hiyo kulikuwa na amri ya FAST: skrini inazimika, mashine inakwenda takriban mara nne ya kasi yake, na mwenyewe unatazama kioo kitupu huku ukiamini kwamba humo ndani mambo yanaendelea.

Iliyoingia mfukoni kabla ya zote nilizozitaja hapa

Psion, kampuni ya London iliyoanzishwa na David Potter mwaka 1980, iliandika Vu-File, hifadhidata ya kadi kwa ajili ya ZX81 na baadaye Spectrum. Mwaka 1984 kampuni hiyo hiyo ilitoa Psion Organiser, kompyuta ya mkononi yenye hifadhidata ndani yake: unaandika vipande vya habari, kisha unatafuta kwa neno lolote lililomo. Data ilikaa kwenye vibweta vidogo vya kuchomeka. Kufuta kadi hakukurudisha nafasi yake. Ili kuipata tena ilibidi kibweta kizima kisafishwe kwa mionzi ya urujuanimno. Pamoja na hayo, toleo la pili lilienda mbali kiasi kwamba duka kubwa la Marks & Spencer lililitumia kwenye kaunta zake. Ukitafuta namba kwenye simu yako leo, unafanya kile kile alichokifanya mwenye Organiser.

Zilizouzwa zaidi

Kwa mashine, taji ni la Commodore 64 ya mwaka 1982. Guinness inaitambua kuwa modeli ya kompyuta ya mezani iliyouzwa kuliko nyingine, na makadirio ni kati ya milioni 12.5 na 17. Hifadhidata yake iliyosifika ni Superbase 64, kazi ya kampuni ya Kiingereza Precision Software, iliyojibana kwenye diski za kilobaiti 170.

Kwa programu, ni AppleWorks. Rupert Lissner aliiandika kwa ajili ya Apple II, ikatoka mwaka 1984 ikiwa na uandishi, jedwali la hesabu na hifadhidata katika kifurushi kimoja, na ikapanda hadi kuipita programu ya jedwali la hesabu ya Lotus 1-2-3 kwenye orodha za mauzo. Ilipendwa kwa sababu sehemu zote tatu zilitumia vitufe vile vile. Aliyejifunza moja alikuwa amejifunza zote.

Kubwa kuliko zote, na ya kusikitisha kuliko zote

Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William wa Uingereza, ardhi na mali za nchi ziliorodheshwa katika kitabu kiitwacho Domesday. Miaka 900 baadaye, BBC na kampuni za Acorn, Philips na Logica walifanya sensa mpya kwa kompyuta. Nchi iligawanywa katika vipande vya kilomita 4 kwa 3, na watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, waliandika kuhusu maisha ya mahali pao: kurasa zaidi ya 140,000 na picha zaidi ya 20,000, kwenye diski mbili kubwa za leza zilizoongozwa na kompyuta ya BBC Master. Mtambo mzima uligharimu takriban pauni 5,000, fedha ambayo shule nyingi hazikuwa nayo. Watoto walioandika habari hizo, wengi wao hawakuwahi kuziona.

Miaka 15 tu ikapita, na mashine za kusomea diski hizo zikawa adimu, mpaka ikabidi watafiti wa vyuo vikuu wajenge programu ya kuigiza kompyuta ile ya zamani ili data isomeke. Kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi, kinasomeka mpaka leo.

Iliyodumu kuliko zote

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Wayne Ratliff alikuwa akifanya kazi katika maabara ya JPL huko California. Alitaka kushinda shindano la ofisini la kubashiri mechi za futiboli ya Kimarekani, akaona takwimu za magazetini hazitunziki kwa karatasi. Akaanza kuandika hifadhidata nyumbani, kwenye kompyuta ya IMSAI 8080 aliyoiunganisha mwenyewe, akiiita Vulcan. George Tate na Hal Lashlee waliinunua haki ya kuiuza, wakaipa jina dBase II ingawa hapakuwahi kuwa na dBase I, na kampuni wakaiita Ashton-Tate ingawa Ashton hakuwepo. Bei ilikuwa dola 695. Ilikubali kadi 65,535, kila moja na vipengele 32. Nayo ilikuwa na huruma ambayo ZX81 haikuwa nayo: DELETE iliweka alama tu, RECALL iliirudisha kadi, na mpaka uandike PACK ndipo inapotoweka.

Umbo la faili lililokuja na dBase III mwaka 1984, lenye mwisho wa .dbf, lipo kazini hadi sasa. Ramani za kompyuta za aina ya shapefile, zinazotumika kuchora mipaka ya kata na majimbo huku kwetu pia, hubeba majedwali yake ndani ya .dbf. Majina ya safu hayaruhusiwi kuzidi herufi 10. Anayeandika "idadi_ya_watu" leo Dodoma au Nairobi akaihifadhi, atakuta "idadi_ya_w". Mipaka iliyowekwa kwa ajili ya mashine za wakati ule bado inatukatia maneno.

Mashine za sebuleni hazikuenea kwetu. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Lakini mtindo ule wa kadi ulifika Afrika kwa mlango wa maktaba, kupitia Micro CDS/ISIS, programu ambayo UNESCO ilianza kuigawa bure mwaka 1985. Kwa hiyo nina ombi. Kama maktaba, parokia, msikiti au chama chako cha ushirika kilitunza orodha kwenye diski laini miaka ya 1980 au 1990, zitafute mwaka huu, kwa maana sumaku yake inafifia. Faili za .dbf zinafunguka kwenye programu ya LibreOffice bila malipo. Zile za CDS/ISIS hutoa data yake kwa mfumo wa ISO 2709, ambao mkutubi wa chuo kikuu anaufahamu. Mpelekee angali yupo kazini.